Karanga za Kuchemsha kwa Presha Kuka: Mwongozo Kamili, Kuanzia Sokoni Hadi Kwenye Friji

Msimu wa karanga mbichi ni mfupi. Kanda ya kati ya Tanzania, mvua zikishakata mwezi wa Aprili, watu wanaanza kung'oa, na kwa wiki chache unazikuta sokoni zikiwa bado na udongo na unyevu wa shambani. Baada ya hapo zote zinaanikwa, na anayetamani za kuchemsha inabidi aongeze kazi. Mwongozo huu ni wa hali zote mbili: karanga mbichi zilizotoka kung'olewa, na kavu za maganda zinazouzwa mwaka mzima.

Shangazi yangu aliuza karanga za kuchemsha Mpwapwa kwa miaka mingi. Sufuria yake kubwa nyeusi ilipanda mafigani alfajiri, ikafunikwa kwa gunia lililoloweshwa, na ilichemka saa mbili na nusu, wakati mwingine tatu. Lakini jambo lililofanya watu wamfuate yeye na kuwapita wenzake lilitokea baada ya kuni kuondolewa. Hakuwa na haraka ya kuepua. Aliziacha humo humo kwenye maji ya chumvi mpaka mkono uweze kuingia bila kuungua, ndipo akaanza kuchota. Nilipomuuliza sababu alinijibu: "Chumvi haiingii jikoni, mwanangu. Inaingia zikipoa."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema, na siku hizi naona hapo ndipo ilipo siri yote ya karanga za kuchemsha. Ganda la karanga lina nafasi yenye hewa ndani. Zikiwa zinachemka, hewa hiyo na mvuke vinapanuka na kusukuma kuelekea nje, ndiyo maana karanga zinaelea na maji yanapata shida kuingia. Moto ukizimwa, mvuke uliomo ndani ya ganda unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na maji ya chumvi yaliyo nje yanavutwa kuijaza. Karanga zilizokuwa zinaelea zinaanza kuzama moja moja. Ukizitoa kabla ya hapo utakula karanga iliyoiva vizuri lakini chapwa, na utadhani ulikosea kipimo cha chumvi.

Presha kuka inapunguza muda wa moto. Muda wa kupoa haiupunguzi, na hupaswi kuuruka.

Kuchagua karanga

Ukifika sokoni, chukua ganda moja ulitikise karibu na sikio. Likilia kama kayamba, karanga hiyo ni kavu. Lisipolia kabisa, na ganda likawa zito na baridi kidogo mkononi, hiyo ni mbichi. Zipo za katikati, zilizoanikwa siku mbili tatu, ambazo zinalia kwa mbali. Hizi tatu hazipikwi kwa muda mmoja, kwa hiyo usizichanganye sufuria moja hata kama muuzaji anakuambia ni zilezile.

Kisha pasua maganda matano au sita, mwenyewe hatakunyima. Tazama upande wa ndani wa ganda. Ukiwa mweupe na laini kama sifongo, karanga ni changa, punje yake ndogo na ina maji maji. Ukiwa na michirizi ya kahawia au weusi, imekomaa, na punje itakuwa imejaa. Za kuchemsha nazipenda zilizokomaa kwa wingi, na changa chache ndani yake, kwa sababu zile changa zikiiva zinalainika ganda na yote, na watoto wanazigombania.

Kuhusu mbegu, nyingi unazokutana nazo Tanzania ni za punje mbili kwa ganda. Mbegu ya Pendo, iliyotolewa mwaka 1998 kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, inafaa sana: ganda lake si gumu na inaiva sawasawa. Zenye ganda nene nazo zinafaa, ila ziongezee dakika.

Hapa lazima niseme la sumukuvu, na nalisema kwa uzito. Sumu hii inatokana na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hii, na Kenya mwaka 2004 iliua zaidi ya mia moja, mara zote mbili mahindi yakiwa ndiyo chanzo kikuu. Karanga zinashambuliwa na ukungu huohuo. Kuchemsha hakuiondoi, hata kwa presha, kwa kuwa sumu hii inastahimili joto kubwa kuliko la jikoni kwetu. Kinga yako ni kuchambua. Mwaga kwenye sinia, mwangani, na utoe kila ganda lililotobolewa na wadudu, lililokatwa na jembe, lenye madoa meusi au ya kijani, na lililoanza kuota. Karanga yenye uchungu mdomoni itemwe, usiimeze kwa aibu ya wageni. Niliwahi kununua nusu gunia kwa bei nafuu, nikafungua katikati nikakuta joto na harufu ya ukungu. Nilizimwaga zote, sikuwapa hata kuku.

Karanga mbichi hazisubiri. Usiziache kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, zinapata joto na kuota ukungu ndani ya siku mbili. Zitandaze kwenye mkeka kivulini, au ziweke kwenye friji ndani ya kikapu, na uzipike kesho yake ikiwezekana.

Kuosha na kuloweka

Udongo wa kanda ya kati umeng'ang'ania kwenye mikunjo ya ganda. Jaza maji kwenye beseni, mimina karanga, zisugue kwa viganja kama unavyofikicha nguo, mwaga maji, rudia. Mara nne au tano, mpaka maji yabaki meupe. Sabuni isihusike kabisa, ganda linainywa. Usafi huu una sababu nyingine zaidi ya mchanga mdomoni: uchafu na vipande vya maganda ndivyo vinavyoziba tundu la mvuke la presha kuka.

Mbichi zikishaoshwa ziko tayari kwa jiko. Za katikati ziloweke saa tatu au nne. Kavu ziloweke usiku kucha, saa nane hadi kumi na mbili, na juu yake ulaze sahani yenye kitu kizito, maana zitaelea na nusu yake zitabaki kavu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kumbuka joto la pwani: maji ya kulowekea yanaanza kutoa povu na kuchacha. Yabadilishe mara moja katikati, au loweka ndani ya friji. Asubuhi mwaga maji yote na usiyapikie.

Wapo wanaotia magadi ili zilainike haraka. Sishauri. Ukiwa na presha huna haja nayo, na yanaacha ladha ya sabuni inayofunika utamu wa karanga.

Chumvi na maji

Kipimo ninachotumia ni gramu 40 za chumvi kwa kila lita ya maji. Kama huna mizani, ni vijiko viwili vya chakula vya chumvi laini, vilivyojaa kidogo. Chumvi ya mawe haipimwi kwa kijiko hicho hicho, kwa sababu punje zake zinaacha nafasi katikati. Hiyo ipime kwa mizani, au iyeyushe kwanza kisha uonje. Na kuonja ndiyo njia yangu ninayoiamini: maji yawe makali kidogo tu kuliko maji ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, kwa hiyo mtu wa pwani ana kipimo mdomoni mwake tangu utotoni. Usiogope ukali huo. Kinachobaki ndani ya punje ni kidogo.

Kwa presha kuka ya lita nane, weka kilo moja ya karanga mbichi na lita mbili za maji zenye gramu 80 za chumvi. Karanga kavu zinakula nafasi zaidi, zinaumuka, tena nyepesi, kwa hiyo nusu kilo inatosha. Maji yafike usawa wa karanga ukizikandamiza kwa mkono. Ndani ya chombo, maji na karanga kwa pamoja visizidi nusu ya kimo chake. Najua vitabu vingi vya presha kuka vinaruhusu theluthi mbili, lakini jamii yote ya kunde, na karanga ni jamii hiyo, inatoa povu, na ngozi nyekundu za punje zikipanda na povu zinaziba njia ya mvuke. Tandaza juu yake sahani ya chuma au kile kichujio cha kupikia kwa mvuke ili zikae chini ya maji.

Viungo? Chumvi pekee ndiyo chaguo langu. Ukitaka kitu, tia pilipili mbuzi mbili nzima zisizopasuka na vitunguu saumu vitatu vilivyopondwa. Ndimu na pilipili ya unga vinafaa mezani, baada ya kumenya.

Motoni

Kabla ya kufunga, toa mpira wa mfuniko uutazame. Ukiwa umepasuka au umekauka, badilisha. Inua mfuniko mwangani uchungulie kwenye tundu la mvuke, uone mwanga upande wa pili. Usipouona, zibua kwa njiti. Hili linachukua nusu dakika, na sijawahi kulikwepa tangu nilipoona presha kuka ya jirani ikirusha mfuniko mpaka darini. Hakuumia mtu, lakini alama ya mfuniko ule kwenye dari nimeiona kwa macho yangu.

Funga, washa moto mkali, subiri mvuke uanze kutoka mfululizo na uzito wa juu uanze kucheza. Hapo ndipo unapoanza kuhesabu muda, na hapohapo unapunguza moto, ubaki wa kutosha tu kuufanya uzito ucheze taratibu. Wengi wetu tumezoea kuhesabu filimbi. Kwa maharage inakwenda, lakini filimbi zinategemea ukubwa wa moto na uchovu wa mpira, na filimbi kumi za jiko langu si kumi za jiko lako. Tumia saa.

Muda kwa presha kuka ya kawaida ya jikoni:

Mbichi: dakika 35 hadi 40.
Zilizoanikwa siku mbili tatu na kulowekwa: dakika 50.
Kavu zilizolowekwa usiku kucha: dakika 60 hadi 75.

Kwa jiko la presha la umeme ongeza dakika kumi kwenye kila kipimo, kwa sababu mengi yake yanafanya kazi kwa presha ndogo kuliko ile ya juu ya gesi. Achana na kitufe cha maharage, weka muda wewe mwenyewe.

Mwinuko nao una neno. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nairobi, iliyo juu zaidi, ni kama nyuzi 94 au 95. Ndiyo maana sufuria ya kawaida huko inakesha. Ndani ya presha kuka nzuri maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka, na tofauti ya miji inapungua sana, ila haiishi. Kwa Dodoma ongeza dakika tatu au nne, kwa Nairobi ongeza saba au nane.

Wanaotumia mkaa wawe waangalifu, maana mkaa haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe. Presha ikishapanda, toa baadhi ya makaa na mengine yafunike kwa majivu. Usiondoke jikoni. Kama una mtungi wa gesi, hata mdogo, pikia huo.

Kupoa

Muda ukifika, zima moto na uondoke. Usiinue uzito kuachia mvuke, wala usipeleke chombo chini ya bomba. Ukiachia presha kwa ghafla, maji ndani yanachemka kwa fujo, maganda yanapasuka, maji ya chumvi yenye povu yanaruka kupitia tundu na kuchoma mkono. Na zaidi ya hatari hiyo, unapoteza ule mvuto niliousimulia mwanzoni. Iache ishuke yenyewe, dakika 20 hadi 30. Mfuniko ukifunguka bila kulazimishwa, ndipo uufungue, ukiuelekeza mbali na uso.

Sasa onja tatu: moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini. Bonyeza punje kwa ulimi kwenye kaakaa. Ikisambaratika kama kiazi imeiva sana, ikikatika kwa meno na sauti ndogo bado. Katikati ya hapo ndipo nipendapo mimi, ilainike lakini isimame. Hili ni suala la mazoea ya watu. Majimbo ya kusini ya Marekani, Georgia, Alabama na jirani zake, karanga za kuchemsha zinauzwa kando ya barabara kama kwetu, ila wao wanazipika mpaka ziwe laini kama maharage. South Carolina walizitangaza kuwa kitafunwa rasmi cha jimbo mwaka 2006. Na huko neno moja la kuziita ni goober, ambalo asili yake ni nguba, neno la Kikongo lililovuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Msomaji wa Kinshasa analijua neno hilo bila kufundishwa. Ukitaka za namna yao, ongeza dakika 20 kwenye vipimo vyangu.

Zikiwa bado ngumu, funga tena na uzirudishe motoni dakika 10 au 15. Zikiwa zimeiva lakini chumvi haijakolea, usiongeze moto. Koroga kijiko kimoja cha chumvi kwenye maji hayohayo ya moto, rudisha sahani juu, acha saa moja, halafu onja tena. Utaona zilizokuwa zinaelea zimeanza kwenda chini, na maji yamekuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Rangi hiyo inatoka kwenye maganda na ngozi za punje, haina madhara.

Kama presha kuka yako ni ya alumini, zihamishie karanga pamoja na maji yake kwenye chombo cha chuma cha pua, bakuli la udongo au ndoo ya plastiki ya chakula. Maji ya chumvi yakilala kwenye alumini yanaila na kuacha vishimo vidogo, na ladha ya bati inaingia kwenye karanga. Chombo chenyewe kioshe siku hiyohiyo, na mpira wake pia.

Mkiwa na haraka ya kula, saa moja ya kukaa ndani ya chumvi inatosha. Nikipata nafasi ninazipika jioni, zinapoa kwa saa moja na nusu hivi, kisha ninaziingiza kwenye friji na maji yake mpaka asubuhi. Zile za asubuhi ni karanga nyingine kabisa, chumvi imefika katikati ya punje.

Kuhifadhi

Karanga iliyochemshwa si karanga ya kukaanga ya kukaa kwenye kopo wiki mbili. Ina maji mengi na haina uchachu wowote wa kuilinda. Nje ya friji, hasa pwani, zisikae zaidi ya saa mbili au tatu baada ya kupoa. Wauzaji wanaozimaliza siku hiyohiyo wako sahihi. Ukishika ganda likateleza, au ukasikia harufu ya kuchacha, mwaga. Kwenye friji, ndani ya maji yake na zikiwa zimefunikwa, zinafika siku tano hadi saba.

Friza ndiyo rafiki wa msimu. Chuja maji, zipoe kabisa, zigawe kwenye mifuko kwa kiasi cha mlo mmoja, kamua hewa, funga. Miezi kadhaa baadaye unazitumbukiza zikiwa barafu vilevile kwenye maji kidogo yenye chumvi, unachemsha dakika kumi, unakula karanga za Mei mwezi wa Oktoba.

Kwa anayekaribisha wageni, uliza kwanza kama kuna mwenye mzio wa karanga. Kuchemsha hakumfanyi awe salama.

Zilizobaki menya, changanya na nyanya, kitunguu, pilipili hoho na ndimu, ule na muhogo wa kuchemsha. Maganda usiyamwage kwenye bustani ya mchicha, yamebeba chumvi itakayochoma mizizi. Na ukibahatika kupata njugu mawe, njia ni hii hii: loweka usiku kucha, gramu 40 kwa lita, anza na dakika 50, acha presha ishuke yenyewe, na usizitoe kwenye maji mpaka mkono uweze kuingia.